Hatua Mia Mbili na Kumi na Mbili za Mutinda

Kila Jumapili baada ya ibada Syokau alikuwa na namba ya kutoa. Aliitoa kwa simu, akiwa amesimama nje ya lango la ploti yao pale Kongo, Kawangware, mahali ambapo mtandao haukatikikatiki. Upande wa pili, kule Mwingi, alikuwa shemeji yake Kimanzi, mwalimu mstaafu ambaye hajawahi kupokea habari yoyote bila kutaka kujua imepata alama ngapi. Basi Syokau alimpa alama. Wiki hii mume wangu yuko tisini na nane. Wiki hii amevuka mia na ishirini. Kimanzi, ambaye hakuwahi kugusa gemu maishani mwake, alizipokea namba hizo kwa heshima zote, na mwezi wa sita Syokau akapata habari kwamba kikundi cha maombi cha nyumbani kilikuwa kimesimama na kupiga makofi kwa ajili ya hatua mia mbili za Mutinda.

Usicheke. Mtu mwenye mgonjwa nyumbani atashika chochote kinachohesabika.

Mutinda alikuwa fundi wa vigae. Si fundi wa kubahatisha, la. Ukikanyaga sakafu za bafu na jikoni za nyumba nyingi za Lavington na Kilimani, umekanyaga kazi yake, na huwezi kujua kwa sababu hakuna kigae kinacholia chini ya kiatu. Alikuwa mgumu wa kufanya naye kazi. Msaidizi akimpangia safu moja wakati yeye amekwenda kula, alirudi, akaigonga kwa kidole, akaing'oa yote hata kama ilikuwa nzuri, akaipanga upya kwa mkono wake. Walimwona ana maringo. Labda alikuwa nayo.

Februari, akiwa amepiga magoti kwenye bafu la mtu, mwiko ulimtoka mkononi na hakuweza kuuokota. Kiharusi. Alikaa hospitali wiki tatu, na alipotoka alikuwa anaburuta mguu, mkono wa kulia umelala mapajani kama wa mtu mwingine, na kinywani limebaki neno moja la kutegemewa, nalo ni "sawa." Umuulize kama anataka chai, sawa. Umuulize kama anaumwa, sawa. Umuulize kama amekasirika, atakwambia sawa huku anaangalia ukuta.

Kimanzi alikuja na kusema wazi. Huyu ni mgonjwa wa kukaa na mtu mchana kutwa, na Nairobi hakuna mtu wa kukaa naye. Nyumbani yuko mama, wako wake wa ndugu, kuna kivuli. Na alisema kweli. Syokau hupika katika shule moja ndogo ya mtaa wa Raila, Kibera. Hutoka nyumbani kabla hakujapambazuka, akakata Dagoretti Corner kwa miguu, na harudi mpaka saa kumi jioni. Kazi hiyo haiachiki, maana ndiyo inayomweka Everlyne, binti yao wa pekee, shule ya bweni. Mutinda akienda Mwingi, ataenda peke yake, na Syokau atakuwa mke wa Krismasi na Pasaka.

Aliomba apewe muda, na Kimanzi akampa hadi likizo ya Agosti. Kama Mutinda atakuwa anapanda, atabaki Nairobi. Kama hapandi, atachukuliwa. Hivyo ndivyo mwalimu alivyosema, kupanda, na ndiyo sababu Syokau alitafuta kitu chenye ngazi.

Daktari wa mazoezi alikuwa ameagiza maharagwe. Mutinda ahamishe maharagwe kutoka bakuli moja hadi jingine kwa mkono ule mbaya, moja moja, kila siku. Alifanya siku mbili, ya tatu akalisukuma bakuli mbali, na maharagwe yakapikwa. Ndipo Billy, mwendesha boda anayekaa chumba cha mkabala, akaleta simu yake ya zamani yenye ufa kwenye kona, akaweka gemu.

Gemu yenyewe ilikuwa hivi. Unapewa mtoto mchanga kwenye kikapu na unampa jina. Kisha vipande vya rangi vinashuka kutoka juu, na kazi yako ni kuvisukuma kwa kidole viingie kwenye mapengo yaliyo chini mpaka safu ijae. Ukimaliza hatua moja, mtoto anapata kitu: uji, soksi, penseli. Ukizidi kupita, anakua, anasimama, anavaa sare ya shule. Ukishindwa anakohoa kidogo na kukuangalia kwa macho makubwa, basi unajaribu tena. Syokau alipoona vile vipande vinavyotaka kupangwa, moyo wake uliruka. Alimuuliza mumewe kama wamwite mtoto Kalondu, jina la mama yake. Mutinda akasema sawa.

Lakini kilichomshika Syokau hasa kilikuwa kingine. Gemu ile ilikuwa inasevu yenyewe. Ukiizima leo, ukiifungua kesho, unamkuta Kalondu pale pale ulipomwacha, na viatu vyake, na darasa lake. Mwaka ule kila kitu kingine nyumbani kilikuwa kinarudi nyuma. Mguu ungekuwa mwepesi Jumatatu, Jumanne ukaburutwa tena. Neno "maji" lilikuja Jumatano, Syokau akalia kwa furaha, na Ijumaa halikuwepo. Ila Kalondu akishaingia darasa la pili, hakurudi la kwanza. Syokau aliifungua simu ile kila jioni kabla hata hajavua viatu, akaangalia namba kwenye kona, na namba haikuwahi kumwangusha. Alikuwa akiiamini kuliko daktari.

Sasa lazima niseme jambo kuhusu Kongo, maana asiyekulia huko hataelewa vile mambo yalivyoharibika. Kwenye vibanda vya gemu vya pale, mtoto akikwama mahali, hamalizi dakika tano akihangaika. Anampa jirani kidude cha kuchezea na kumwambia, nipitishie. Jirani anampitishia, anamrudishia, gemu inaendelea. Hakuna anayeita huo ni wizi. Wewe unanipitisha kwenye daraja, mimi nakupitisha kwa yule jini wa mwisho, na sote tunafika. Watoto hao wamekua, wengine wanaendesha boda, wengine wanauza samaki, wengine wamekuwa wake wa makeyateka, wale waangalizi wa ploti, na mkono wa kupitisha haujawatoka. Kwa hiyo fikiria mtu mzima, fundi aliyeheshimika, ameketi nje ya mlango wake kwenye kiti cha plastiki, simu iko mapajani, kidole kinatetemeka, jasho linamtoka, mtoto kwenye kioo anakohoa. Nani atapita hapo asinyooshe mkono?

Syokau mwenyewe alinyoosha, sitamficha. Ilikuwa Alhamisi moja, mumewe amekwama hatua ya sitini na moja kwa siku ya tatu, na Jumapili inakuja. Alimpitishia hiyo moja. Baadaye akampitishia nyingine, na nyingine, lakini chache, chache sana, na kila mara alijiambia ni ya mwisho.

Katikati ya Julai namba ilikuwa mia mbili na kumi na mbili. Kalondu alikuwa darasa la sita na mkoba mgongoni. Jumatatu ile Syokau alirudi kutoka Raila, akafungua simu, na akakuta kikapu. Mtoto mchanga ndani yake, hana jina. Kwenye kona namba ilikuwa tatu.

Kwanza alimwendea Billy, akamkuta akifuta pikipiki, akamwambia amrudishie mtoto. Billy alibofya huku na huku, akazima, akawasha, akakuna kichwa. Alimweleza kwamba gemu hiyo ina nafasi moja tu ya kuhifadhi, iko ndani ya simu yenyewe, na mtu akichagua kuanza upya, mpya inaandikwa juu ya ile ya zamani na kuifuta. Haiendi mahali ambapo mtu anaweza kwenda kuitafuta. Syokau aliuliza kama hakuna fundi, hata mjini, hata awe wa bei gani. Billy alisema hata aliyeitengeneza hawezi.

Mutinda alikuwa ameketi pale pale akisikiliza. Syokau alimuuliza nani ameshika simu yake mchana. Akasema sawa.

Alilia kidogo nyuma ya nyumba, kisha akajifuta na kujipa moyo, maana si mwanamke wa kukaa chini. Kilichopotea ni namba. Mkono uliofika mia mbili na kumi na mbili bado uko. Mtu aliyemaliza darasa la sita ukimrudisha la kwanza atawaaibisha wote. Mwalimu atakuja Jumamosi ya kwanza ya Agosti, zimebaki wiki mbili na siku kadhaa, na kwa mwendo huo Mutinda atakuwa amepita mia bila kutoa jasho. Karibu aone ni heri ilivyofutika.

Siku ya tatu namba ilikuwa nne. Siku ya sita, nne. Syokau aliketi kando yake Jumapili nzima akimwangalia. Kipande chekundu kilishuka, kidole cha Mutinda kikaondoka mapajani, kikapanda polepole, kikafika kwenye kioo wakati kipande kimeshaanguka. Kikashuka kingine. Safari hii kidole kiliwahi, lakini kilikisukuma kulia wakati pengo lilikuwa kushoto, na Mutinda akabaki anakitazama kama mtu anayesoma maandishi ya nchi nyingine. Syokau alinyoosha mkono. Mumewe akaivuta simu na kuikumbatia kifuani, na hakuitoa mpaka mkono wa mkewe uliporudi ulikotoka. Jioni hiyo hakupiga simu Mwingi. Alimwandikia Kimanzi kwamba chaji inakwisha.

Kesho yake alimwendea Nereah, anayekaanga omena pale langoni na ambaye kwa wema wake ndiye aliyekuwa akimpa Mutinda chakula cha mchana. Alimuuliza bila kuzunguka. Nereah hakuona aibu hata kidogo.

"Mimi nilikuwa nampitishia tu zile za asubuhi, Mama Everlyne. Mbili, tatu hivi. Mzee wa watu anahangaika, na mimi niko tu hapa nangoja mafuta yashike."

Kila asubuhi? Si kila asubuhi. Ila asubuhi nyingi. Magdaline, mke wa keyateka, alisema yeye huchukua simu akisubiri nguo zikauke, kwa sababu gemu ni tamu na Kalondu alikuwa amebakisha kidogo kupata baiskeli. Fundi viatu wa pale kona alikiri zile zenye saa ya kuhesabu. Billy alisema yeye ni wakati hana abiria, na wakati wa mvua anakosa abiria sana. Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake. Kila mmoja alikuwa amempa mgonjwa hatua mbili tatu kama mtu anavyompa jirani kijiko cha sukari, na Syokau, akizijumlisha kichwani huku amesimama kwenye lile tope la njia, alifika mia mbili na akavuka. Mumewe hakubakiwa na kitu.

Hapo ndipo hofu ilipomwingia kweli. Na mtu mwenye hofu hufanya mambo. Ijumaa ile ya mwisho, saa kumi na moja jioni, Mutinda akiwa amesinzia, Syokau alichukua simu na kuvuka nayo hadi kwa Billy. Alimwomba aipandishe. Si mpaka mia mbili, hapana, hilo lingekuwa la kutia shaka. Mia, au karibu na mia.

"Hiyo ni rahisi, mathe," Billy alisema. Aliishika simu bila kuifungua. "Lakini mzee anajua?"

Syokau alimjibu kwamba mzee anajua. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi mingi kumsemea mumewe uongo, na ulitoka kwa urahisi uliomshangaza.

Asubuhi simu ilirudi ikiwa tisini na sita. Kalondu alikuwa na jina lake tena na sare ya darasa la tatu. Mutinda aliifungua, akamwangalia yule mtoto kwa muda mrefu, kisha akaitia simu kwenye mfuko wa shati na kusema sawa. Syokau alichukua hiyo kuwa ni baraka. Angekuwa ametulia angejua kwamba huyo ni mtu anayesema sawa kwa kila kitu.

Kimanzi alifika saa nne na nusu. Alikuwa amelala kwa binamu yao huko Gatina, akaja kwa miguu akiwa amevaa koti, na pojo kwenye mfuko mkono wa kushoto. Syokau alimkaribisha, akampakulia chapati, akamimina chai, na mdomo wake haukupumzika. Alieleza jinsi gemu ilivyofutika yenyewe katikati ya Julai, simu za zamani ndivyo zilivyo, na jinsi Mutinda alivyoanza upya toka sufuri bila kukata tamaa, na sasa, wiki tatu hazijaisha, yuko tisini na sita.

Kimanzi aliweka kikombe chini. Alifurahi, uso wote ulifurahi, na furaha hiyo ilimchoma Syokau kuliko ambavyo shaka ingemchoma. Alisogeza kiti karibu na ndugu yake na kumwambia, "Hebu nionyeshe, Mutinda. Nionyeshe huyu mtoto."

Mutinda aliitoa simu mfukoni kwa mkono mzima na kuilaza mezani. Kisha akauleta ule mkono mwingine. Ulikuja taratibu, ukipita kando ya sahani ya chapati, kidole kimenyooka nusu, na kilipofika juu ya kioo kilitafuta kona ya juu, kikakosa, kikatafuta tena. Kikabofya. Kikabofya mara ya pili mahali pengine. Gemu iliuliza kama ana uhakika. Alikaa kidogo, akibana midomo kama alivyokuwa akifanya zamani akipima mstari wa sakafu, kisha akabofya mara ya tatu.

Kikapu kikarudi.

Kimanzi alisikitika. Alisema pole, kidole kimeteleza, si kosa lake, wataitafuta tena. Lakini Syokau alikuwa ameona. Kidole cha namna ile hakitelezi mara tatu mahali patatu tofauti.

"Baba Everlyne," alisema. "Na ile ya kwanza. Nani aliifuta ile ya kwanza?"

Mutinda aliinua mkono ule ule, akauweka kifuani.

"Mimi," alisema.

Lilitoka safi, kama halijawahi kupotea. Kisha akainama na kuanza kucheza.

Walimwangalia. Chai ilipoa. Hatua ya kwanza ilimchukua muda ambao mtu angechemsha mayai, ya pili ikazidi, na katikati ya ya tatu Syokau aligundua kwamba shemeji yake ameacha kutabasamu na anatazama kile kidole jinsi mwalimu anavyotazama kalamu ya mwanafunzi kwenye chumba cha mtihani. Hakuhitaji kuuliza. Zile namba za Jumapili, yale makofi, yote yalikuwa pale mezani yakijieleza yenyewe, na Syokau alitamani angefokewa. Mtu akifokewa anaweza kujitetea.

Mutinda alimaliza ya nne, akafika ya tano, akakwama.

"Mama Everlyne," Kimanzi alisema kwa upole, bila kumwangalia. "Jumatatu nitaondoka naye."

Syokau alifungua kinywa. Alikuwa na maneno, miezi mitano alikuwa akiyaandaa: kwamba anapanda, kwamba kila wiki anapanda, kwamba mtu hawezi kung'olewa katikati ya ngazi. Aliyatafuta na hakupata hata moja lililokuwa la kweli. Alitaka kusema tu kwamba hataki aende. Hilo lilikuwa la kweli, lakini halikuwa sababu, na mbele ya mwalimu alijua halina alama.

Kipande cha manjano kilikuwa kinashuka. Kilitakiwa kushoto, pengo liko wazi, hata mtoto wa miaka mitatu angeliona. Mutinda hakuliona. Kidole chake kilining'inia hewani, kikielekea kulia, kikisita, na jasho lilikuwa limeanza kumtoka kwenye paji la uso. Syokau aliikalia mikono yake, mkono huu na mkono huu, chini ya mapaja, kwa nguvu.

Kimanzi alikuwa binadamu. Alivumilia alivyoweza, kisha kidole chake cha chaki kikaondoka kwenye goti na kuelekea mezani.

"Mwache, mwalimu," Syokau alisema. "Hiyo ni yake."

Kidole cha mwalimu kilirudi. Kipande cha manjano kikaanguka pasipofaa, mtoto mchanga akakohoa ndani ya kikapu, na gemu ikauliza kama wanataka kujaribu tena. Mutinda akaanza hatua ya tano upya, na Syokau akainuka kwenda kumtafutia begi.